Kuzunguka Roma: Metro kwa Pembeni, Miguu kwa Katikati

Waafrika Mashariki wengi wanaofika Roma huenda kwa hija, kwa masomo katika vyuo vikuu vya Kipapa, au kwa vikao vya FAO, IFAD na WFP, mashirika ya Umoja wa Mataifa yenye makao makuu katika jiji hilo. Huwa wamejiandaa kwa viza, kwa tiketi ya ndege na kwa malazi, lakini suala la kutoka hapa kwenda pale huachwa hadi watakapofika. Hapo ndipo fedha huvuja: teksi zisizo za lazima, faini kwa tiketi ambayo haikugongwa, na asubuhi nzima iliyopotelea kituoni.

Usipoligawa jiji hili mara mbili kichwani mwako litakuchosha. Katikati, pale mto Tiber unapojikunja, hakuna kituo hata kimoja cha metro. Pantheon, Piazza Navona, Campo de' Fiori na mtaa wa Trastevere vyote viko nje ya reli hiyo. Huko utakwenda kwa miguu, na basi au tramu litakusogeza tu. Metro ni ya kukufikisha kwenye ukingo wa eneo hilo na kwenye pembe za jiji. Anayeng'ang'ania metro kila mahali atatumia muda mrefu akishuka na kupanda ngazi kuliko ambao angeutumia kutembea.

Kutoka uwanja wa ndege

Ndege nyingi za kimataifa hutua Fiumicino, uwanja ulio karibu kilometa 30 kutoka katikati ya jiji. Treni ya Leonardo Express hutoka hapo hadi stesheni kuu ya Termini bila kusimama popote, kwa dakika 32, na nauli ni euro 14. Kama utalala karibu na Termini, panda hiyo na usijisumbue zaidi.

Ipo treni nyingine ambayo wageni wengi huipita bila kuiona, nayo ni FL1. Hutoka kwenye stesheni ileile ya uwanja wa ndege, nauli ni euro 8, lakini haiendi Termini. Inapita Trastevere, Ostiense, Tuscolana na Tiburtina. Kwa hujaji anayelala katika nyumba za watawa upande wa Vatikano, hii mara nyingi ndiyo njia bora: shuka Roma Trastevere, badilisha treni kwenda stesheni ya Roma San Pietro, na kutoka hapo Basilika ya Mtakatifu Petro inafikika kwa miguu. Unapokata tiketi, taja kituo chako cha mwisho ili upate tiketi ya safari nzima. Kama ni tiketi ya karatasi, igonge kwenye mashine ndogo iliyo jukwaani kabla ya kupanda, kwa maana tiketi isiyogongwa huhesabiwa kama haipo.

Mabasi ya kampuni mbalimbali nayo huenda Termini kwa karibu nusu ya nauli ya Leonardo Express. Ubaya wake ni foleni za barabarani, na saa moja inaweza kukatika humo kwa urahisi.

Sasa teksi. Watu huiogopa kuliko inavyostahili. Manispaa imeweka nauli maalumu ya euro 55 kati ya Fiumicino na eneo lililo ndani ya Kuta za Aurelianus, yaani kuta za kale zilizozunguka jiji. Ni nauli ya gari zima hadi abiria wanne, mizigo ikiwamo. Mkiwa wanne, kila mmoja atalipa chini ya euro 14, na mtashushwa mlangoni badala ya kuburuta mabegi kutoka Termini. Lakini zingatieni jambo moja: eneo la Vatikano na mtaa wa Prati viko nje ya kuta hizo, kwa hiyo msidhani nauli hiyo inavihusu. Ulizeni kabla dereva hajafunga buti. Teksi halali ni nyeupe, ina maandishi ya Roma Capitale mlangoni, namba ya leseni na mita. Anayekufuata ndani ya ukumbi wa kuwasili akikunong'oneza neno "taxi" si dereva wa teksi hizo. Mkatalie, toka nje, ujipange kwenye foleni.

Tiketi

Tiketi ya kawaida huitwa BIT na bei yake ni euro 1.50. Inadumu dakika 100 tangu ulipoigonga mara ya kwanza. Ndani ya dakika hizo unaweza kupanda mabasi na tramu kadiri upendavyo, lakini metro ni mara moja tu. Ukiwa ndani ya metro unaruhusiwa kubadilisha mstari. Ukishatoka getini, tiketi hiyo haikurudishi tena chini hata kama dakika zimebaki. Hapa ndipo wengi hukwama, wakidhani mashine imeharibika.

Kuna pia tiketi za saa 24, 48 na 72, na ya wiki. Bei zake zilipanda Julai 2025: ya saa 24 ni euro 8.50 na ya saa 72 ni euro 22. Piga hesabu kabla hujanunua. Ili tiketi ya saa 24 ikulipe, lazima uwe na safari sita za kulipia kwa siku, na mgeni anayetembea kwa miguu katikati ya jiji mara nyingi hafikishi tatu. Kwa maoni yangu, BIT chache mfukoni zinamtosha mtu wa kawaida. Tiketi za siku zinawafaa zaidi wazee na wale ambao miguu yao haitaki umbali, maana wao watapanda basi hata kwa vituo viwili.

Tiketi huuzwa kwenye mashine za vituo vya metro, kwenye vibanda vya magazeti, na kwenye maduka ya tumbaku yanayotambulika kwa kibao chenye herufi T kubwa nyeupe. Nunua za kutosha mchana, kwa kuwa maduka hayo hufungwa jioni na Jumapili mengi hayafunguliwi. Ndani ya basi hakuna kondakta wa kumlipa, na dereva usimtegemee kwa tiketi wala chenji.

Kadi ya benki ya kugusa nayo inakubalika, kwenye mageti ya metro na kwenye mashine za rangi tofauti zilizofungwa ndani ya mabasi. Kila abiria awe na kadi yake, na atumie hiyohiyo siku nzima. Ukigusa kwa kadi asubuhi na kwa simu mchana, mfumo utakuhesabu kama watu wawili. Watoto walio chini ya miaka 10 husafiri bure wakiwa na mtu mzima.

Kwenye metro geti litakukumbusha kugonga. Kwenye basi na tramu hakuna wa kukukumbusha. Unapanda, watu wamesongamana, mashine iko hatua tatu mbele na huwezi kuifikia. Mpe tiketi aliye karibu nayo, umwonyeshe kwa ishara; Warumi wamezoea, atakugongea na kukurudishia. Hakikisha tarehe na saa vimechapwa. Wakaguzi hupanda wawili au watatu kwa pamoja, mara nyingi bila sare za kuwatambulisha mapema, na faini huanzia euro 50. Kusema hukujua hakusaidii kitu, na kusema wewe ni padri au mtawa vilevile hakusaidii.

Mistari mitatu

Jiji kubwa kama Roma kuwa na mistari mitatu tu ya metro hushangaza wageni. Sababu iko ardhini: popote pachimbwapo hukutwa mabaki ya kale, na kazi husimama mpaka wanaakiolojia wamalize yao. Mstari B ulifunguliwa 1955, mstari A 1980, na sehemu ya kwanza ya mstari C mwaka 2014. Mstari C ulifika San Giovanni mwaka 2018, na Desemba 2025 ukafika Colosseo, ambako sasa unakutana na mstari B. Baadhi ya vilivyochimbuliwa vimebaki palepale, abiria wanavitazama wakielekea kwenye treni. Katika kituo cha Porta Metronia utaona mabaki ya kambi ya askari wa Kirumi ya karne ya 2.

Kituo hicho kina habari nyingine inayotugusa zaidi. Kilipokuwa kikijengwa kiliitwa Amba Aradam, jina la mlima wa Ethiopia ambako jeshi la Italia lilipigana mwaka 1936 katika vita vya kuivamia nchi hiyo. Mwaka 2020 watu wengi walipinga jina hilo, wakataka kituo kiitwe kwa jina la Giorgio Marincola, mpiganaji mwenye asili ya Somalia na Italia aliyefia upande wa waliowapinga Wanazi. Halmashauri ya jiji iliunga mkono wazo hilo, ingawa jina lililoandikwa hatimaye likawa Porta Metronia. Ukipita hapo, mkumbuke Marincola.

Mistari A na B hukutana Termini, na A na C hukutana San Giovanni. Kwa hujaji mpango ni mwepesi. Mstari A utakushusha Ottaviano kwa Basilika ya Mtakatifu Petro, mwendo wa kama dakika 10 kwa miguu. Kwa Makumbusho ya Vatikano shuka Ottaviano au Cipro. Mstari huohuo upande wa pili unafika San Giovanni, jirani na Basilika ya Laterano. Mstari B una kituo kinachoitwa kabisa Basilica San Paolo kwa wanaokwenda kwa Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Basilika ya Bikira Maria Mkuu, alikozikwa Papa Fransisko Aprili 2025, iko karibu na Termini, tembea tu. Basilika zote nne kuu zinafikika kwa siku moja bila teksi yoyote, lakini usizibane hivyo kama kundi lina wazee. Siku mbili zinatosha na zinawaachia watu nafasi ya kusali.

Wanaokwenda FAO hushuka Circo Massimo, mstari B. Mbele ya jengo hilo ndipo uliposimama kwa miongo kadhaa mnara wa Aksum uliochukuliwa kutoka Ethiopia, kabla ya kurudishwa kwao mwaka 2005.

Metro huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kumalizika saa tano na nusu usiku. Ijumaa na Jumamosi huendelea hadi saa saba na nusu usiku. Kumbuka kwamba mbao za vituo huandika saa kwa mtindo wa 24, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu jioni utaiona kama 17:30. Baada ya metro kufungwa, mabasi ya usiku yenye herufi n mbele ya namba huchukua zamu, na nMA, nMB na nMC hufuata mapito ya mistari hiyo mitatu. Tatizo la metro ni ngazi. Vituo vya zamani vina ngazi nyingi, na lifti na ngazi za umeme huharibika mara kwa mara. Mwenye magoti mabovu asilazimishwe kushuka huko, mtafutieni basi.

Basi

Basi la Roma halisimami kama hukuliita. Linapokaribia kituo, nyoosha mkono. Kibao cha kituo huorodhesha vituo vyote vya njia hiyo, na jina la kituo ulichopo limewekewa alama. Soma kuanzia hapo kwenda chini ndipo ujue unakoelekea. Panda kwa mlango wa mbele au wa nyuma, shuka kwa wa kati, na bonyeza kitufe mapema. Ukielekezwa "capolinea", ni kituo cha mwisho wa njia. Programu za ramani za simu hutaja basi litakalokuja na dakika zilizobaki, lakini dakika 4 za simu zinaweza kuwa 15 za kweli.

Njia namba 64, kutoka Termini kupita Piazza Venezia hadi upande wa Vatikano, inajulikana kwa mambo mawili: inafika karibu kila mahali mgeni anapotaka, na wezi wa mifukoni wanaijua kuliko wewe. Hawaji kwa fujo. Anasimama mtu aliyevaa vizuri, koti limekunjwa mkononi, basi linaposhika breki anakuegemea, na mlango unapofunguka ameshashuka. Weka pasipoti nyumbani ulikofikia na tembea na nakala. Mkoba uwe tumboni, simu isikae mfuko wa nyuma. Njia namba 40 inakwenda upande uleule kwa vituo vichache zaidi na kwa kawaida ina nafasi. Ukiiona imekuja kwanza, ipande. Hadhari hiyohiyo itumie kwenye mashine za tiketi za Termini, ambako watu wasio na kitambulisho chochote hujitolea kukusaidia kubonyeza, kisha wakadai chenji yako. Sema "no, grazie" na uendelee.

Kwa makaburi ya kale ya Wakristo, Katakombe za Mtakatifu Kalisto kwenye Via Appia, metro haifiki. Chukua basi 118 kutoka upande wa Circo Massimo, au 218 kutoka San Giovanni. Mabasi haya hayapiti kila baada ya dakika tano, kwa hiyo angalia muda wa kurudi kabla hujaingia chini.

Kwa sasa ujenzi wa mstari C umeifanya Piazza Venezia kuwa eneo la kazi, na njia za mabasi na tramu zinazopita hapo hubadilishwa. Usikiamini kitabu cha mwongozo cha miaka mitano iliyopita kuhusu kituo chochote kilicho karibu na uwanja huo. Tramu namba 8 bado ndiyo usafiri unaofaa wa kwenda Trastevere.

Migomo ipo, na mara nyingi huangukia Ijumaa. Hutangazwa siku kadhaa kabla, na tangazo hubandikwa vituoni likiwa na neno "sciopero". Sheria inalinda abiria kwa saa maalumu: Roma, usafiri huendelea tangu asubuhi hadi saa mbili na nusu, na tena kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku. Ukijua hilo, siku ya mgomo haikuharibii ratiba. Ondoka mapema, shinda katikati ya jiji kwa miguu, rudi jioni.

Miguu

Kutoka Chemchemi ya Trevi hadi Pantheon ni mwendo wa dakika kama 10, na kutoka Pantheon hadi Piazza Navona ni chini ya hapo. Hakuna chombo kitakachokupeleka haraka zaidi, kwa sababu vichochoro hivyo havipitishi basi. Hatua chache kutoka Navona lipo Kanisa la Mtakatifu Agostino, ambamo limo kaburi la Mtakatifu Monika, mama wa Agostino na mwana wa Afrika Kaskazini. Makundi mengi yanayokimbizana na basi la kukodi hupita karibu yake bila kujua.

Barabara zimetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba ambavyo mvua huvifanya viteleze. Viatu vya kanisani viweke kwenye mfuko, uvae vya mpira, na begi la magurudumu usiliburute humo kwa umbali mrefu. Maji usinunue kila saa. Mitaani kuna mabomba ya chuma yanayotiririka mchana na usiku, yanayoitwa nasoni, na maji yake ni safi na baridi. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, na maji yatachupa juu kupitia tundu dogo lililo mgongoni mwake, unywe bila kuinama. Wakati wa joto la Julai na Agosti, chupa moja ya kujaza inakuokolea fedha nyingi.

Gari la kukodisha ndani ya Roma sikushauri hata kidogo. Katikati ya jiji ni eneo la ZTL, ambako magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kwa saa zilizopangwa. Kamera hupiga picha namba ya gari, na faini hukufuata nyumbani kupitia kampuni ya ukodishaji miezi kadhaa baadaye, pamoja na ada ya kampuni hiyo. Ukipita mageti matatu, ni faini tatu.

Ukitaka kutoka nje ya jiji kwa siku moja, iko safari ambayo wachache huifikiria. Shuka metro Piramide, mstari B, uingie stesheni ya jirani ya Porta San Paolo, upande treni ya Metromare hadi Ostia Antica. Ni kama nusu saa, na BIT ileile ya euro 1.50 inakubalika. Utaona magofu ya mji wa bandari wa Warumi, nyumba, maduka na barabara zake, bila msongamano wa Colosseo. Katika mji huo ndimo Monika alimofariki mwaka 387, akisubiri meli ya kumrudisha Afrika.

Kwa viongozi wa makundi

Jumatano asubuhi, Papa anapotoa katekesi, kituo cha Ottaviano hufurika tangu mapema, na baada ya hapo unakuja ukaguzi wa usalama wa kuingia uwanjani. Kundi la watu thelathini haliwezi kupanda behewa moja. Ligaweni katika makundi ya watu watano au sita, kila kundi na mtu mmoja anayejua kituo cha kushukia, na wote wakubaliane mahali pa kukutania juu, nje ya mageti, si chini jukwaani. Mtu akiachwa na treni, asirudi nyuma; apande inayofuata, wenzake wamsubiri pale. Kila mmoja awe na jina na anwani ya nyumba waliyofikia, imeandikwa kwenye karatasi, kwa maana simu huzimika. Namba ya dharura ni 112.

Siku ya kuondoka, kama ndege yako ni ya alfajiri, usitegemee Leonardo Express, kwani haitembei usiku kucha. Agiza teksi jioni iliyotangulia kupitia nyumba uliyofikia, au piga 060609, namba ya manispaa ya kuita teksi. Nauli ya euro 55 ni ileile kwa kwenda na kwa kurudi, mchana na usiku, mradi tu safari imeanzia au kuishia ndani ya kuta.